Mwongozo kwa Mwana-Miteja Anayetaka Kuibiwa Jina Bila Usumbufu

Masimulizi ya kale yanasema Ali bin Hassan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizungusha chote. Mwenyeji aliyeuza anachekwa mpaka leo. Lakini yeye walau alipata nguo. Sisi wa Miteja, huku huku Kilwa, tunatoa jina, tarehe ya kuzaliwa na vidole vyote, tunarudi nyumbani na fulana moja ya kampuni ya simu, tena isiyotutosha.

Basi mwongozo huu ni wa wale wenye moyo mkunjufu, wanaoona haya kumkatalia mgeni.

Anza kwa kijana wa laini. Hana shida kupatikana: hela za ufuta zikishaingia kutoka chama cha ushirika, AMCOS, na mwavuli wake unaota kando ya barabara ya Lindi. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Kwa hiyo weka kidole. Atakitazama kimashine chake, atakunja uso, kisha atasema, "Haijashika, mama, rudia."

Hapo usiulize kitu. Uzuri wa uongo huu ni kwamba mara nyingi ni kweli. Kidole cha huku kimesuguliwa na jembe, na aliyewahi kubangua korosho anajua maji ya ganda lake yanavyochoma ngozi. Kijana ana mashahidi kumi, na wote wako mikononi mwako. Rudia. Futa kidole kwenye kanga, rudia tena. Safari ya kwanza umesajili laini yako. Ya pili, huenda umemsajilia mtu usiyemjua, ambaye jioni atawaandikia watu wa Bukoba kwamba ile hela waitume kwenye namba hii. Wakituma, jina litakalosoma ni lako. Jina la heshima, la watu wa pwani, nani atalitilia shaka?

Umemaliza laini, nenda kwenye fotokopi. Popote utakapoombwa nakala moja ya kitambulisho, toa tatu, na ile iliyotoka na giza iache pale pale mezani kwa mwenye mashine. Usihofu kuwa itapotea. Itafungia karanga, na mlaji akikunjua karatasi atakukuta unamtazama, picha na namba zote ishirini. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Nawe kwa kuwa hupendi kusahau, namba yako ya siri ya kutolea hela umeifanya nini? Mwaka wa kuzaliwa. Mla karanga amepata vyote kwa bei ya karanga.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayokupa haki ya kuuliza taarifa zako zinakusanywa kwa kazi gani. Usiulize. Utaonekana mjuaji.

Kwa wakala nako kuna adabu zake. Mzee hashiki miwani kwa ajili ya elfu ishirini. Anamkabidhi kijana simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti ya kuadhini, ili na waliopanga foleni wafaidike. Akipigiwa simu na "huduma kwa wateja" anayemwita babu, asome tarakimu zilizoingia kwenye meseji taratibu, mbili mbili, mwenzake aandike vizuri. Na siku simu yake itakapokosa mtandao ghafla huku za majirani zinashika, asihangaike. Huenda kuna mtu mahali ameirudisha laini yake kwa jina lake. Alale tu, usingizi wa mchana ni afya.

Wapo wabishi, nawajua, ambao hawataki ukarimu huu. Hao kila baada ya muda hupiga *106# na kuangalia namba zilizosajiliwa kwa NIDA yao, na wakikuta ngeni wanapanda gari hadi duka la kampuni ya simu ikafutwe, nauli au si nauli. Meseji za kitapeli wanazipeleka 15040. Kijana akiwaambia haijashika, wanamwomba awaonyeshe kioo cha kimashine. Fotokopi mbovu wanaichana. Namba ya siri hata mke haijui, na ndoa bado ipo.

Ukiwacheka, wacheke kwa kiasi. Laini ikifanya uhalifu, askari huanza na jina lililoandikwa kwenye usajili, na kijana wa mwavuli wakati huo yuko msimu wa mji mwingine.