Damu Moja, Mizani Tatu

Mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajapata kuniona bila shati wala kunisikia nikipaza sauti, na ambaye kwa staha ya Kikamba hupishana nami njiani yeye akitazama vichaka vya kulia nami vya kushoto, usiku wa Jumapili iliyopita aliniona katikati ya soko la Kalamba nikiwa nimebanwa juu ya pikipiki baina ya wanaume wawili, kifua wazi, shuka la kulalia limefungwa kiunoni kwa kamba ya mbuzi, na shemeji yangu aliyekuwa nyuma yangu akiwaamuru wapita njia watupishe, kwa kuwa, alisema, amebeba marehemu ambaye bado hajaarifiwa.

Chanzo cha izara hiyo ni kifurushi. Mpwa wangu aliyeko Marekani, kijana mwenye huruma na mshahara, alikuwa amesikia kwamba mashine yangu ya kupimia sukari imezeeka, akaniletea mpya, ndogo kuliko kiberiti, inayong'aa, pamoja na kopo la vijiti vyake. Ningeiweka kabatini kwa amani ingekuwa shemeji hakuja kututembelea siku hiyo. Lakini alikuja, akala muthokoi wetu, akashiba, na katika shibe hiyo akazuka na rai kwamba mashine mbili zisikae nyumba moja bila kupambanishwa. Nilimkumbusha kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Alinijibu kuwa fisi hakuwa na semina, naye anayo. Maana aliwahi kuhudhuria semina ya afya ya siku moja, akarudi nyumbani na fulana na ilimu isiyokadirika.

Mashine kongwe ilinywa tone langu, ikafikiri, ikasema 9.1. Hapo hapo, kutoka kidole kile kile, mashine ya Marekani ililamba tone la pili, na kabla sijafuta damu ikatangaza 142.

Shemeji aliinuka. Katika semina alikuwa ameambiwa kuwa mtu akifika 20 hulazwa, na akifika 30 huweza kuzimia, akapiga hesabu kwa vidole, akanitazama kwa taadhima ambayo hajapata kunipa nikiwa hai, akasema, "Shemeji, wewe umekufa mara saba." Nilimweleza kwamba sina kiu, sina kizunguzungu, macho yangu yaona hata doa la mchuzi lililo juu ya semina yake. "Hizo ndizo dalili," akasema. Mke wangu, ambaye ni mwanamke wa busara katika mambo yote ila yale yanayothibitishwa na ndugu yake, alikwisha toka nje kumwita kijana wa bodaboda. Niliomba shati. "Damu imegeuka shira, naye anauliza vifungo!" akafoka shemeji, na kwa hukumu hiyo nikapakiwa, kijana mbele, mimi kati, mhitimu wa semina nyuma, tukashika njia ya sokoni ambako, kwa bahati isiyosameheka, ibada ya jioni ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha na mkwe wangu alikuwa akiagana na wenzake.

Hospitalini alitupokea muuguzi kijana, mpole wa sauti, akasikiliza hotuba ya shemeji hadi mwisho, akaomba aione hiyo mashine. Akaigeuza mgongo, akasoma maandishi madogo, akatoa simu yake, akagawanya. "Mzee," akaniambia, "mashine hii ni ya Marekani. Sukari yako ni 7.9. Lakini mbona umekuja bila shati?"

Sasa nataka msomaji anivumilie, maana jambo lililonivua heshima limenipa pia elimu, na elimu hiyo nimeilipia. Wamarekani huitaja sukari ya damu kwa uzito: ni miligramu ngapi zilizomo katika desilita moja, yaani sehemu ya kumi ya lita. Sisi wa Kenya, kama Waingereza, twaitaja kwa wingi wa molekuli, kwa kipimo cha milimoli katika lita. Na kwa kuwa moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180, milimoli moja ya kwetu yalingana na miligramu 18 za kwao. Gawa 142 kwa 18 na marehemu atavaa shati. Mpaka wa ugonjwa kwa mtu aliyeamka hajala, ambao kwetu ni 7, kwao ni 126, na ugonjwa ni ule ule. Wajerumani wamezidi, kwa maana wamegawana vipimo hivyo ndani ya nchi moja, magharibi kukishikwa miligramu na mashariki milimoli, na sijui ni mashemeji wangapi wamepanda pikipiki huko kwa sababu hiyo.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini muuguzi, kwa kufuata kanuni, alinidunga tena kwa mashine ya hospitali, ikasema 6.9, na shemeji, ambaye hakukubali kushindwa na tarakimu ndogo, akadai haki ya maabara, nikatolewa damu ya mshipani, ikaja na 8.0. Tisa na ushei, nane kasoro, saba kasoro, na nane kamili: damu moja, usiku mmoja, mtu mmoja aliyefungwa kamba ya mbuzi. Shemeji akauliza ni ipi kati ya hizo mashine iliyo kidhabu, ili ikatupwe. Muuguzi akajibu kuwa hakuna hata moja.

Na ni kweli, wala hapana kejeli. Kanuni ya Shirika la Viwango la Kimataifa, iitwayo ISO 15197, katika toleo lake la mwaka 2013, yataka mashine ya nyumbani, katika vipimo 95 kwa kila 100, isitofautiane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 ikiwa sukari imefika 5.55 au kupita, na isipotee zaidi ya 0.83 ikiwa iko chini ya hapo. Chukua nane ya maabara, toa asilimia 15, utapata 6.8, ongeza, utapata 9.2. Mashine zangu zote tatu zimelala ndani ya ua huo, kila moja ina ithibati ya uadilifu wake, wala sihesabu kuwa sukari nayo haikukaa kutungoja njia nzima. Na vile vipimo vitano vilivyobaki katika mia, kanuni haivibani kwa asilimia hiyo. Kanuni ya kabla yake, ya mwaka 2003, iliruhusu asilimia 20.

Nilipotaka kujua kwa nini chombo kidogo hivi kipewe uhuru mkubwa hivi, niligundua kwamba hakihesabu sukari kabisa. Ndani ya kijiti mmepakwa kimeng'enya, na katika vijiti vingi kimeng'enya hicho ni glukosi oksidesi, kinachotolewa katika ukungu mweusi uitwao Aspergillus niger, ndio ule ule unaofugwa viwandani utengeneze asidi ya sitriki inayoipa soda ukali wake. Hivi kwamba kiumbe kimoja humchangamshia mtu soda yake na kisha kumshitaki kwa kuinywa. Kimeng'enya hiki hukamata kila molekuli ya glukosi na kuinyang'anya elektroni mbili, kikazikabidhi kwa kemikali ya kati, nayo ikazipeleka kwenye kipande cha metali au kaboni, na huo mkondo hafifu wa umeme ndio mashine inaoupima, kwa muda wa sekunde chache, ikakisia sukari ilikuwa kiasi gani. Wazo la kuifunga glukosi oksidesi juu ya waya wa umeme lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Mashine ya kwanza iliyouzwa, aliyoibuni Anton Clemens na iliyotoka Marekani mwaka 1970, haikutumia umeme wa damu bali ilitazama rangi ya kijiti kwa taa, ilikuwa na uzito wa takriban kilo moja, ilipita dola 400 bei yake, na ilikusudiwa madaktari peke yao. Mhandisi mmoja mgonjwa wa kisukari, Richard Bernstein, alipoitaka aliambiwa kuwa si haki yake. Akaipata kwa jina la mkewe, aliyekuwa daktari. Baadaye Bernstein mwenyewe alisomea udaktari, njia ndefu sana ya kununua mashine.

Basi kila kinachosumbua safari ya elektroni husumbua jawabu. Damu yenye chembe nyekundu nyingi husomeka chini ya kweli, na ya mtu aliyepungukiwa damu husomeka juu. Maabara hupima maji ya damu, yaani plazma, ambayo sukari yake huzidi ya damu nzima kwa kiasi cha asilimia 11, na mashine hulazimika kuikisia tofauti hiyo. Baada ya chakula, damu ya kidole huwa na sukari kuliko ya mshipani, kwa kuwa ya mshipani imekwisha pita kwenye misuli ikatozwa. Joto huharibu vijiti, na unyevu pia. Makopo mengi yameandikwa yasivuke nyuzi 30, onyo lililoandikwa na mtu ambaye hakupata kuishi chini ya bati mwezi wa Februari katika Makueni. Hata huko kwenye viwanda mambo si shwari: matokeo yaliyotangazwa Marekani mwaka 2018 yalionyesha kuwa kati ya mashine 18 zilizopimwa ni 6 tu zilizofaulu masharti yote ya mtihani.

Kisha kuna maembe. Kalamba ni mahali ambapo kaunti imejenga kiwanda cha kusindika maembe, na kwa msimu wake hakuna kidole katika tarafa hii kisichonata. Mwaka 2011 madaktari wa Kijapani waliwamenyesha watu wazima wenye afya machungwa, zabibu na kiwi, wakawapima damu ya vidole hivyo, na wazima hao wakasomeka wagonjwa. Wakawafuta kwa spiriti, hata mara tano, na sukari ya tunda ikabaki papo hapo. Wakawanawisha kwa maji ya bomba, na ugonjwa ukaenda na maji. Jirani yangu mchuuzi wa maembe alitahiniwa katika hema la afya siku ya soko, akafutwa kwa spiriti, akaambiwa ana 16, akalia. Mwalimu wa shule ya jirani alipima akapata 3.1, akanywa chupa mbili za soda kwa hofu, kisha akaona kopo lilikwisha muda wake zamani. Shemeji amejipima kwa mashine yangu ya Marekani akapata 98, na sasa anafanya wasia.

Lakini hapa kicheko kinanikauka. Dawa ya mizani isiyotulia ni kupima tena, na dawa ya kidole kichafu ni maji; na mimi naishi mahali ambapo wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa mtungi, na ambapo kopo la vijiti humtoa mtu kutwa kadhaa za kibarua. Anayeweza kupima mara tatu huona 9.1, 7.9 na 6.9, akajua kuwa yuko karibu na nane, akalala. Anayeweza kupima mara moja tu huona tarakimu moja na kuiita hukumu. Kwa tarakimu hiyo huongeza dawa au huacha, hula au hufunga, huuza mbuzi au hamwuzi. Ufundi umeruhusiwa kukosea kwa asilimia 15, na gharama ya makosa hayo imewekwa juu ya yule asiyekuwa na kijiti cha pili. Na hao watengenezaji wa mashine wajua watendalo: mashine hutolewa kwa bei ya kutupa, au bure kabisa chini ya hema, na kila mashine imefunzwa kukataa vijiti vya dada yake, ili aliyepewa zawadi abaki mteja maisha.

Wiki hii vijiti vya mashine yangu kongwe vimekwisha na duka la dawa limeacha kuviagiza. Vile vya Marekani vitangoja huruma ya mpwa. Jana alikuja kijana mmoja nadhifu mwenye mkoba, anayegawa mashine kwa wazee, akanikabidhi nyingine mpya, ya milimoli, bila malipo, pamoja na vijiti kumi vya kuanzia. Nilimshukuru, nikamwuliza hivyo kumi vikiisha nitanunua wapi vingine. Akasema, "Nairobi, mzee. Labda."