Siri Yenye Nakala Tatu

Wanaosema waajiri wa Nairobi hawajali afya ya akili hawajaiona ofisi yetu. Ushauri nasaha ni bure, tena wa siri kabisa. Unajaza fomu tu, unaeleza kinachokusumbua, msimamizi wako anatia sahihi. Kama kinachokusumbua ni yeye, heri: atajisomea mwenyewe. Nakala moja huenda kwa afisa wa wafanyakazi, nyingine kwa mhasibu, ili siri isipotee.

Mshauri huketi kwenye chumba cha vioo kando ya mapokezi, saa ya chakula cha mchana, wenzako wapate kukuona na kukuombea. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Yetu anaijua hata bawabu, maana ndiye anayeandika kitabuni sababu ya kuja. Benki huficha salio, tume ya uchaguzi huficha kura. Sisi tumewapita kwa uwazi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Walioitunga hawakupata bahati ya kufanya kazi kwetu. Na kwa kuwa wanaojitokeza ni wachache, ripoti ya ofisi imethibitisha kwamba wafanyakazi wote ni wazima. Ukizidiwa, usisite: fomu ziko mezani kwa bosi.