Sifa za Kumpeleka Mtoto Bandarini

Sisi Baluba wa Kongo tuna kasala, mashairi ya kusifu. Chifu husifiwa, mwindaji husifiwa, na maiti naye husifiwa mpaka wanaomdai waanze kujiuliza kama ndiye yuleyule waliyemjua. Lakini sijasikia mtu akisimama kumsifu mzazi aliyembeba mtoto wa miaka mitatu, akateremka naye hadi bandari ya Kinkondja, eti wakatazame boti gani itatangulia kufika kutoka Bukama. Kazi hii imedharauliwa bure. Kwa kuwa wenye sauti nzuri wamenyamaza, nitaisifu mimi.

Mtu mzima akienda peke yake huenda mikono mitupu, akifika anakaa chini ya mwembe. Huyo hajasafiri. Mwenye mtoto huondoka nyumbani na chupa ya maji, kitenge, kaptula ya akiba, karanga za kumnyamazisha mtoto, na kipande cha muwa cha kumnyamazisha karanga zikiisha. Njiani kandambili moja hupotea, na kuitafuta kunampa nafasi ya kusalimiana na majirani ambao angewapita bila hata kuwapungia mkono. Wengine hushiriki kuitafuta. Wengine hutoa maoni juu ya malezi, bila malipo.

Mashindano yenyewe hayana kikombe wala refa. Bukama ni mahali reli ilipofika mwaka 1918, na mpaka leo ni pale boti za mbao zinapopakia sukari, sabuni, mabati, watu na mifugo, zikateremka mto Lualaba. Anayetangulia huuza kwanza, na hupakia samaki wakavu kwanza. Basi kila nahodha anakaza injini, na vijana wa bandarini wanawekeana dau la soda. Ila katikati kuna Kisale. Asiyelijua ziwa hili hudhani ziwa ni maji tu. Kisale ni mafunjo pia, na mafunjo hayo hayatulii: hung'oka mapande kwa mapande yakaelea, mengine makubwa hata wavuvi hujenga vibanda juu yake na kukoka moto wa kupikia bukari, ugali wetu. Njia iliyokuwa wazi jana, leo imezibwa. Injini inazimwa, watu wanashika mapanga na miti mirefu. Ndiyo maana boti ya saa nne asubuhi huweza kuingia saa kumi, na ya saa kumi ikaingia kesho kutwa.

Hapo ndipo mtoto anapoonyesha thamani yake. Mtu mzima hungoja. Mtoto hajui kungoja, kwa hiyo hufanya kazi. Kabla hamjakaa sawasawa, karanga zimekwisha. "Iko wapi?" Inakuja. "Iko wapi?" Inakuja, baba. Likirudiwa namna hiyo, swali hili humlazimisha mzazi kulikodolea macho ziwa kwa bidii ambayo hakuna mlinzi anayelipwa mshahara amewahi kuwa nayo. Kisha mtoto mwenyewe anachoka na ziwa, anageukia beseni la mama muuza samaki. Ndani yake kuna kambale, amefunikwa majani mabichi, mashavu yanafunguka na kufungika, sharubu zinapapasa ukingo wa beseni kana kwamba anatafuta mlango. Mtoto anachuchumaa. Kidole kinanyooka.

"Papa, ushike mutoto wako," anasema yule mama. "Huyu ni wa kuuza, si wa kuchezea."

"Kwa nini hafi?" anauliza mtoto.

Na mzazi aliyekuja kutazama boti anajikuta akieleza kwamba kambale ana kiungo cha kuvuta hewa kama sisi, ndiyo sababu huvumilia saa nyingi nje ya maji. Wale walio chini ya mwembe hawajaulizwa kitu.

Watakaonung'unika kwamba mtoto mdogo hataelewa chochote, niwajibu kwa Sanga. Hapo kando ya Kisale, mwaka 1957, mwanaakiolojia Jacques Nenquin alianza kuchimba makaburi ya kale, na wengine wakamfuata. Katika makaburi ya watoto vilikutwa vyungu vidogo, vilivyofinyangwa kwa kipimo cha wenyewe. Ikiwa watu wa ziwa hili, karne nyingi kabla ya injini, hawakuona tabu kumfinyangia mtoto chungu chake, sisi tunashindwaje kumsogezea nafasi mbele ya magunia ya mkaa?

Sasa niifikie fadhila kubwa kuliko zote, nayo ni haja ndogo. Saa nzima mtoto aliulizwa akakataa. Kisha boti mbili zinachomoza kwenye mafunjo, bega kwa bega, honi zinalia, bandari nzima inasimama. Na hapo ndipo suruali yako inavutwa. Jambo hili haliahirishwi. Mnakimbilia nyuma ya vibanda, na matokeo ya mashindano unayapata kwa masikio tu: kelele, kicheko, tusi, kelele tena. Watu husema umepoteza. Umepoteza nini? Walioona kwa macho yao watabishana mpaka usiku ni omo ya boti gani iliyogusa mchanga kwanza, na soda hailipwi. Wewe peke yako huwezi kuitwa shahidi.

Na tabu hii si ya Kinkondja pekee. Huko Alaska, Marekani, tangu mwaka 1973 kuna mashindano ya Iditarod: mbwa wanafungwa pamoja, wanavuta sleji, gari lisilo na magurudumu, juu ya theluji, njia ya kilomita kama 1,600 mpaka mji wa Nome. Watoto wanavishwa makoti mpaka hawawezi kuinama, wanapelekwa kusimama karibu na tao la mbao ambapo safari huishia. Mwaka ule wa kwanza Dick Wilmarth alishinda kwa siku kama 20. Wa mwisho, John Schultz, alitumia siku 32. Huko kuna desturi ya kuwasha taa mpaka mwendeshaji wa mwisho aingie, na huyo wa mwisho hupewa zawadi yake, taa nyekundu. Aliyebuni hayo, naapa, alikuwa mtu aliyewahi kumvisha mtoto viatu asubuhi.

Mwaka 1978 ndio unaonipendeza zaidi. Baada ya siku zaidi ya 14 njiani, Dick Mackey na Rick Swenson waliingia Nome pamoja, wakaachana kwa sekunde moja. Sekunde moja! Ni mzazi gani siku hiyo hakuwa ameinama kuokota glovu? Tena palizuka ubishi. Mbwa wa Mackey walitangulia kukata mstari, lakini Swenson mwenyewe, kwa miguu yake, alivuka kabla ya Mackey. Waamuzi wakakata shauri: inayohesabiwa ni pua ya mbwa wa mbele. Mackey akapewa ushindi.

Hukumu hiyo ina uzito hapa kwetu. Mkirudi jioni, mtoto amelala begani, karanga zimemganda shavuni, mama yake atamwamsha ale na kumuuliza nani alifika wa kwanza. Atajibu bila kusita: "Mbuzi."

Watu wazima watacheka. Lakini ubao wa kushukia ulipotegwa, kabla ya nahodha, kabla ya wafanyabiashara, kabla ya mwanamke mwenye mabati, aliyeruka kwanza mchangani ni mbuzi mweusi mwenye kamba shingoni. Kwa sheria ya Nome hakuna rufaa. Mwenye mbuzi alikuwa bado ndani ya boti, anagombania nauli.