Kamba Kilo Tatu, Sura ya Nne

Jina la chuo nalihifadhi, maana cheti bado hawajanipa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, na shahada naisoma kwa simu. Huku boti za Nyamisati hufuata maji, hazifuati saa. Maji yakipwa, mwenye digrii na asiye nayo hukaa pamoja topeni, mikoko ikiwatazama. Mtandao nao una mahali pake: chini ya mkorosho nyuma ya zahanati, uso ukielekea baharini, simu juu kama mtu anayeapa. Mei 2024, wiki moja baada ya kimbunga Hidaya kutua Mafia, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika. Dar es Salaam watu wakalia. Sisi hatukujua hadi tulipoambiwa na redio.

Mwezi uliofuata tukapewa kazi ya kundi: ushiriki wa jamii katika elimu. Tulikuwa wanne, mmoja Kibiti mjini, mmoja Ikwiriri, mwenyekiti wetu Dar, na mimi. Kazi yote tuliiandika katika waraka mmoja wa Google Docs, na ugomvi tuliufanyia WhatsApp.

Jioni moja nahodha akaniomba nimwandikie vitu vya safari. Nikafungua simu, nikaandika haraka: kamba kilo 3 za mwenye duka, unga kilo 10, petroli lita 20, mama wa chapati anadai 6,000, asikopeshwe tena yule kijana wa nyavu. Nikamsomea, akaridhika, akaenda zake.

Kumbe simu ilikuwa imefungukia pale nilipoishia mara ya mwisho: ndani ya waraka wa kundi. Kesho yake nikapita chini ya mkorosho kumtafuta mbuzi wa shule. Sikuigusa simu. Mtandao ukaja, orodha ikaruka hadi Dar, na hapohapo bando langu likaisha.

Nilipojiunga tena siku tatu baadaye, kazi ilikwishakusanywa. Nikaufungua waraka. Sura ya Nne, Matokeo ya Uwandani. Jedwali zuri, lina mistari na namba. Mama wa chapati amekuwa "mdau wa kike mwenye madai yasiyoshughulikiwa". Kijana wa nyavu ni "vijana waliotengwa na huduma za mikopo". Petroli imeingia kwenye changamoto za miundombinu. Chini yake yule wa Ikwiriri, mtu makini sana, ameandika pembeni: "Mwalimu wa delta, hapa umetubeba."

Nikaandika ujumbe mrefu wa kukiri. Nikaufuta. Nikatuma dole gumba.

Tulipata 14 kati ya 20. Mhadhiri alisifu Sura ya Nne kwa kuwa na data halisi, akakata alama moja: hatukueleza kamba walipatikanaje.