Sifa za Faili la Ndoa

Faili la ndoa ni furushi la fomu, hati, picha na risiti ambalo mwanafunzi mgeni aliyeoana na raia wa Marekani hulipeleka Idara ya Uraia na Uhamiaji, ili aachane na viza ya F-1 na kupewa ukaazi wa kudumu. Waswahili wa ughaibuni huliita "makaratasi", nao hulilalamikia kuliko theluji. Hawalitendei haki. Mtu aliyeacha wazazi Tanga au Kisumu, akafunga ndoa mbele ya karani wa mji na mashahidi aliowapata bwenini, hana mshenga, hana wazee, hana kungwi. Faili humletea wote hao.

Sifa yake ya kwanza ni usamehevu. Sheria humchukulia kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa anakusudia kuhamia, mpaka athibitishe kinyume. Kwa hiyo ubalozini alionyesha hati ya kiwanja na barua ya kazi, kuhakikisha kwamba atarudi. Sasa faili linamtaka aonyeshe kwamba anabaki, wala haoni aibu, ilimradi nia ilibadilika baada ya kufika. Hata aliyepitiliza muda wake, kama aliingia kwa kukaguliwa mpakani na ameoana na raia, kwa kawaida hilo peke yake halimfungii mlango.

Posa ni fomu I-130, na mpeleka posa ni raia. Raia akiwa mwanamke, basi mke ndiye anayemposa mume, jambo ambalo kwao lingeitishiwa kikao cha ukoo. Mgeni naye huambatanisha ombi lake, I-485. Mahari haina mivutano: kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, dola 675 kwa posa ya karatasi na dola 1,440 kwa ombi. Mkaja wa mama na kilemba cha baba havidaiwi. Ombi likikataliwa, mahari hairudi.

Baada ya mahari hutafutwa mdhamini. Kwa fomu I-864, raia huahidi kumtunza mwenzake, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Kikipungua, huombwa mdhamini wa pili. Ahadi hiyo hukoma mgeni akipata uraia, akitimiza robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, akihama moja kwa moja na kuuacha ukaazi, au akifa. Talaka haiivunji. Wanandoa wanaweza kuachana asubuhi na jioni mmoja akabaki mdhamini wa mwenziwe. Hapo faili limeishinda ndoa kwa uaminifu.

Daktari aliyeidhinishwa huja na baraka zake. Kovu la BCG mkononi halimsumbui, kwa kuwa kifua kikuu hupimwa kwa damu. Asiyejua kadi yake ya kliniki ilipotelea wapi huchanjwa upya surua, matumbwitumbwi na pepopunda, akiwa mtu mzima mwenye shahada. Majibu hutiwa kwenye bahasha iliyofungwa, na mwenye mwili huibeba bila ruhusa ya kuifungua.

Kisha huja maswali ya ndiyo au hapana. Je, mwombaji amewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti? Ameshiriki mauaji ya kimbari? Anakusudia kufanya ujasusi, au kuoa wake wengi? La mwisho ni zawadi kwa bibi harusi. Wake wangapi wamewahi kupata tamko la mume, lililotiwa saini chini ya adhabu ya kusema uongo, kwamba hana mpango wa kuongeza mke?

Utamu wa faili, hata hivyo, umo katika ushahidi. Mapenzi hutupa risiti. Faili huzikusanya: mkataba wa pango, akaunti ya pamoja, bili ya umeme yenye majina mawili. Bili hiyo, ambayo kwingine huzua ugomvi, hapa hupokewa kama barua ya mahaba. Picha nazo hutunzwa vizuri kuliko za harusi. Mama mkwe amesimama nyuma ya sinia la pilau, mwanafunzi ameshika upawa, na mgongoni mwa picha wino umeandika mwezi, mji na jina la kila aliyemo. Katika albamu ya kawaida, baada ya miaka 10 hakuna amjuaye yule wa pembeni.

Usaili ndio ukungwi wenyewe. Nani huamka kwanza? Jana usiku mlikula nini? Afisa akishuku, huweza kuwahoji mbalimbali na kulinganisha majibu. Utaratibu huo huitwa Stokes, kwa jina la kesi ya New York iliyozaa makubaliano ya mwaka 1976. Hivyo mume hulazimika kujua mswaki wa mkewe una rangi gani. Somo hili lina bakora: ndoa ya kughushi huadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000.

Subira nayo hufunzwa. Akitoka nchini kabla ya kupata hati ya ruhusa ya kusafiri, mwombaji wa F-1 huhesabiwa kuwa ameliacha ombi. Maziko ya Kiislamu hayangoji, na hata ruhusa ya dharura huombwa kwanza. Hivyo mfiwa hushiriki matanga kwa simu, saa nane za usiku, huku faili likiwa salama.

Mwisho wa yote huja kadi, ambayo ilikuwa kijani tangu 1946, ikabadilishwa rangi 1964, ikarudia ukijani 2010. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kukubaliwa, kadi hutolewa kwa masharti, kwa miaka 2 tu, kufuatana na sheria ya 1986. Fungate ya Waswahili ni siku saba. Serikali ya Marekani imeirefusha. Katika siku 90 za mwisho, wawili hao hupeleka fomu I-751 pamoja na ushahidi mpya, ndipo hupatikana kadi ya miaka 10. Na anayeishi na mwenzi wake raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi, kwa kuthibitisha kwamba wangali pamoja. Kwa hiyo bili ya umeme haitupwi bado.