Kauai: Fungate Upande wa Demani

Shangazi, Mama, Mjomba na nyote mnaokaa barazani hapo Pangani:

Sauti aliyotuma Shangazi nimeisikiliza saa mbili usiku wa Alhamisi, ambayo kwenu ilikuwa tayari saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Kisiwa hiki kiko nyuma yenu kwa saa 13, kwa hiyo mkiona sijawatakia Ijumaa njema, mjue yangu haijafika. Swali lake lilikuwa moja tu, akalirudia mara tatu akidhani simu haishiki: "Mmefikia kwa nani?"

Hatujafikia kwa mtu, Shangazi. Taabu yote ilianzia hapo. Tanga mjini mtu unafikia kwa binamu, Dar kwa mjukuu wa jirani, Muscat kwa yule mtoto wa Bi Mkubwa ambaye hamjuani vizuri lakini atakuweka mwezi mzima na kukununulia tiketi ya kurudi. Kauai ni kisiwa cha jimbo la Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, na sina huku hata mtu wa kumsingizia ujomba. Halafu fungate ya kwetu haina habari ya kuchagua pa kulala. Chumba wamekichagua wakubwa, kitanda kimetandikwa, siku saba chakula kinaletwa mlangoni, na somo yuko karibu kuhakikisha hakipungui kitu. Huku bwana na bibi harusi wanajitafutia chumba wenyewe, wanakilipia wenyewe, wanabeba masanduku wenyewe, kisha wanaulizwa kama wameridhika, kwa nyota kuanzia moja hadi tano.

Kwa nini tulikuja? Kwa sababu tunaishi Minneapolis, tumeoana Desemba, na huko maziwa huganda hadi watu wakaendesha magari juu yake. Kazini kila mtu alikuwa na kisiwa chake cha kunishauri. Mmoja alinifungulia picha za Zanzibar kwa upole mkubwa, akaniuliza kama nimewahi kupasikia. Nikamwambia napajua, tulikuwa tunavuka kwa boti kwenda kuzika. Hakuniletea tena picha.

Sasa Mjomba nisikilize, sehemu hii ni yako. Watu wengi wanaanza na kitanda: godoro likoje, mito mingapi, kuna bwawa au hakuna. Wewe uliyekula chumvi nyingi jahazini ungekichagulia kisiwa hiki malazi bila kutazama picha hata moja. Kauai ni duara, na katikati yake umesimama mlima Waialeale. Upepo wao mkuu unatoka kaskazini mashariki sehemu kubwa ya mwaka, kaskazi isiyojua kupokezana na kusi. Unaugonga mlima, unapanda, unamwaga maji. Kileleni hunyesha zaidi ya milimita 9,000 kwa mwaka, mojawapo ya mahali panaponyesha zaidi duniani. Ukishuka hadi Poipu, pwani ya kusini, umbali wa kilomita kama 22 tu, mvua ya mwaka mzima ni kama moja ya kumi ya hiyo. Kisiwa kina upande wa joshi unaopigwa na upepo na upande wa demani uliokingwa nao, kama chombo chochote, na nahodha hamlazi abiria wake joshini.

Tatizo ni kwamba mkwe wenu ni Mhaya wa Bukoba. Mtu aliyelelewa na mvua na migomba ukimwonyesha mlima wa kijani unaotiririka maji kila ufa, moyo unamwenda mbio. Alipoona picha za Hanalei, kaskazini ya kisiwa, akasema basi, tumefika. Na kweli ni pazuri, siwezi kumdhulumu: ghuba imepinda, milima nyuma, na bondeni mashamba ya magimbi yamejazwa maji hadi yanaakisi mawingu. Naam, magimbi. Watu wanasafiri nusu ya dunia, wanasimamisha gari juu ya kilima na kupiga picha magimbi. Wenyeji wanayachemsha, wanayaponda yawe uji mzito wa rangi ya zambarau, na wanayaheshimu kuliko tunavyoyaheshimu sisi, maana katika simulizi zao za kale gimbi ni kaka mkubwa wa binadamu. Mama, yale unayompa mgonjwa ni ndugu wa ukoo.

Nilimpinga kwa hoja za kitaalamu. Kwanza, kuanzia Oktoba hadi Aprili mawimbi makubwa yanaipiga pwani ya kaskazini, na Desemba hapo wanaogelea mabingwa wa ubao na wasiotaka kurudi kwao. Pili, hoteli na fleti nyingi za upande huo ziko Princeville, juu ya jabali. Ufukwe unauona, lakini kuufikia ni ngazi na vijia vya utelezi. Tatu, kuna barabara moja tu ya kuingia. Aprili 2018 mvua ilinyesha mahali paitwapo Waipa, jirani na Hanalei, milimita 1,262 kwa saa 24, rekodi ya Marekani nzima. Milima ikaporomoka juu ya barabara, na kipande cha mwisho hakikufunguliwa kwa wageni hadi Juni 2019. Nikamwuliza: fungate ya mwaka mmoja na zaidi utaimudu? Akafikiri kidogo. Nilidhani ananionea huruma, kumbe alikuwa anapiga hesabu ya bei ya chumba.

Wala msidhani mtu anaweza kulala kusini akazunguka kwa upande wa magharibi kufika kaskazini. Barabara haizunguki kisiwa. Kaskazini magharibi kuna majabali ya Na Pali yaliyokatika wima hadi baharini, na barabara imeyashindwa kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana kuchagua upande ni kama kuchagua mume: mwingine unaweza kumtembelea, lakini ni safari.

Tukatazama mashariki, maeneo ya Wailua na Kapaa, ambako bei ni nafuu kidogo. Huko ndiko ilikokuwa hoteli ya Coco Palms, mama wa fungate zote za Hawaii, ambako Elvis Presley alioa akipitishwa juu ya mtumbwi katika filamu ya Blue Hawaii mwaka 1961. Maharusi wa Marekani walimiminika kuoa walipooa watu wa sinema. Hoteli ilikuwa ndani ya shamba la minazi la karne ya 19, lililopandwa kwa ajili ya mbata, yaani Mjomba angekuwa meneja. Tarehe 11 Septemba 1992 kimbunga Iniki kiliipiga, ikafungwa, na magofu yake yakasimama pembeni ya barabara kwa zaidi ya miaka 30 huku kila mwekezaji akija na mchoro wake. Na barabara yenyewe hapo ina foleni. Mimi sikuacha barafu nije kukaa kwenye foleni.

Magharibi, Waimea, tukapata kitu kilichonichekesha hadi machozi. Kauai ilikuwa kisiwa cha miwa: shamba la kwanza la biashara lililodumu katika Hawaii yote lilianzishwa Koloa mwaka 1835, na wakaletwa vibarua kutoka China, Japani, Ureno na Ufilipino. Mashamba yamekufa. Vibanda vya vibarua vimepakwa rangi, vimewekewa feni na kiyoyozi, na sasa vinapangishwa kwa watalii, tena kwa bei nzuri. Hebu fikirini mzungu anavuka bahari, analipa dola, alale kambi ya mkonge ya Mwera, na asubuhi aandike kwamba amepumzika kuliko wakati wowote maishani mwake. Babu yetu alipumzika hapo miaka 20, hakuna aliyemwuliza nyota ngapi.

Zikabaki hoteli kubwa. Nataka niseme kwa heshima kwamba hoteli hizi zinauza chumba kimoja mara nne. Vyumba vinauzwa kwa macho. Kuna cha kuangalia bustani, ambayo ukifika unakuta ni maegesho yaliyopandwa maua. Kuna cha kuona sehemu ya bahari: unatoka roshanini, unashika ukuta, unanyoosha shingo kushoto kupita mnazi wa pili, na hapo utaona kitu cha bluu kikubwa kiasi cha kanga iliyoanikwa. Kuna cha kuona bahari. Na kuna cha kuona bahari yote, ambacho huko Princeville, kwenye hoteli ya watu wenye nazo, huvuka dola 1,000 kwa usiku. Mama, hizo ni shilingi milioni mbili na nusu. Kwa usiku mmoja wa kuangalia maji unaezeka nyumba ya Bibi yote kwa mabati mapya, na yanabaki ya banda la mbuzi.

Hapo hujaongeza kodi za jimbo na kaunti, zinazopita dola 17 kwa kila 100. Wala hujaongeza ada ya kila siku inayolipia taulo za bwawani, intaneti na somo la kupiga ukulele, utake usitake. Ukienda fungate ukarudi hujui ukulele, umeibiwa.

Hoteli moja ilitupigia simu na kifurushi cha maharusi: chumba, maua ya shingoni, na karamu ya kienyeji jioni. Mkwe wenu akauliza karamu ina nini. Nguruwe mzima, akasema binti kwa furaha, anafukiwa shimoni kwenye mawe ya moto tangu asubuhi. Mkwe wenu akamshukuru sana, akamwulizia habari za maua.

Simu hiyo ndiyo iliyotuonyesha njia: tunataka jiko. Tukaacha hoteli tukatafuta fleti. Hapa nawapa siri, akija kuoa mtoto wa mtu atanishukuru. Kaunti ya Kauai hairuhusu kila mwenye nyumba kupangisha wageni wa siku chache. Imetenga maeneo ya watalii, kama Poipu na Princeville, na nje ya hapo ni wachache tu wenye vibali vya zamani. Mwenye nyumba halali anaonyesha namba ya kibali kwenye tangazo. Tulipata nyumba moja ya kupendeza, bei ya kutupwa, haina namba. Nikamwandikia mwenyewe kumwuliza, akanijibu kwamba tukiulizwa tuseme sisi ni jamaa zake. Shangazi, kumbe kulikuwa na mtu wa kufikia kwake! Lakini mkwe wenu ana karatasi za uhamiaji zinazosubiri kupigwa muhuri, hakutaka kudanganya serikali hata kwa habari ya kitanda. Tukapita.

Basi tumekaa Poipu, demanini, ghorofa ya pili. Ghorofa ndefu ni nadra kisiwani. Wenyeji husema jengo lisiupite mnazi. Minazi yenyewe Mjomba ungeilia. Imejaa kila hoteli na haina nazi. Vidaka, vitale, madafu, vyote vinashushwa mapema na wakwezi wa kulipwa, mgeni asije akaangukiwa kichwani na kufungua kesi. Halafu dukani dafu moja linauzwa bei ya kuku.

Kuku ndio wa bure. Wako kila mahali: uwanja wa ndege, ufukweni, kwenye mlango wa benki. Wale wa kwanza waliletwa na Wapolinesia kwa mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili, binamu wa ngalawa zetu. Kisha, wanavyosimulia hapa, vimbunga vya Iwa mwaka 1982 na Iniki vikabomoa mabanda ya watu na kuku wa kufugwa wakaenda kujitegemea. Visiwa vingine vya Hawaii viliwaleta nguchiro mwaka 1883 kuwinda panya kwenye miwa, wakala na mayai ya ndege. Kauai nguchiro hawakukita mizizi, kwa hiyo jogoo wa hapa hamwogopi mtu. Anawika saa nane usiku, anawika saa kumi, anawika akiona taa ya friji. Majirani zetu, maharusi kutoka Chicago, wamenunua vizibo vya masikio. Mimi nimelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani.

Jikoni nimepika jodari kwa tui la kopo, ukweli ni kwamba ilitoka vizuri. Jodari hapa ni mbichi wa leo, na wao wanamla vivyo hivyo bila moto, amekatwa vipande na kukandwa kitunguu na mafuta ya ufuta. Mkwe wenu amemzoea. Siku moja nilimpeleka kaskazini akaone mvua yake. Njia ya Hanalei ina madaraja ya gari moja moja, na desturi ni magari matano hadi saba yapite, kisha msimame wenyewe muwaachie wa upande wa pili. Hakuna trafiki, hakuna honi. Dereva wetu wa daladala ya Tanga angedhani daraja limevunjika. Mvua ilinyesha, mkwe wenu akashuka garini akasimama ndani yake akicheka, akarudi mbichi, nikamweka juu ya taulo.

Jambo la mwisho ni la fedha, Mama naomba umweleze fundi wa mabati kwa upole. Mimi nimekulia na bahari mlangoni; nilikuwa radhi kulala nikiangalia bustani, au ukuta. Mkwe wenu akasema mtoto wa Pangani hawezi kuletwa baharini akaonyeshwa maegesho, akalipia dirisha la mbele kabla sijamshika mkono. Kila asubuhi anatoka roshanini na kahawa, anaitazama Pasifiki kutoka mwisho hadi mwisho, ananiambia Ziwa Viktoria nalo si dogo. Kwa hiyo yale mabati ya jiko la Bibi fundi asubiri hadi Machi. Akiuliza sababu, mwambieni mkwe alitaka bahari yote.