Jamani, Nimepiga Mswaki!

Juzi kwenye daladala nilikuwa nacheka na simu yangu, sina neno na mtu, mama aliyeketi pembeni akanigusa bega. "Kaka yangu, usinielewe vibaya. Ndimu na chumvi. Siku saba tu." Akashuka kituo kilichofuata, roho yake nyeupe, ameshatoa sadaka ya siku.

Nina miaka 52. Ndimu na chumvi nilivijaribu nikiwa darasa la sita. Nikajaribu magadi. Nikajaribu mkaa wa kutwanga, mpaka mke wangu akauliza kama siku hizi nalala jikoni. Nimekulia Meru, Arusha, chini ya mlima, mwendo mfupi kutoka Maji ya Chai, na meno yangu yana rangi ya jina la mahali hapo. Shuleni mwalimu wa zamu alikuwa akitukagua mstarini kila Jumatatu: kucha, nywele, meno. Akifika kwangu haulizi. "Wewe, rudi bombani!" Narudi bombani, nasugua upya, kwa maji yale yale yaliyonifikisha hapo.

Binadamu pekee ambao hatujawahi kukosana ni wapiga picha za pasipoti. "Funga mdomo, mzee. Usicheke." Hawa ni watu wa heshima.

Nilikuwa na faraja moja, nayo wiki iliyopita imeondoka. Kila nikitaniwa rangi, nilikuwa najibu: yako meupe, yangu magumu. Meno ya kwetu hayaozi! Na msidhani nilijitungia. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika kufanya kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wanacheka kahawia kama sisi. Akauliza sababu. Huyu akamwambia ni nyama ya nguruwe kupita kiasi, yule akasema ni maziwa mabovu. Ndimu na chumvi sijui kama zilitajwa, lakini ndugu zake yule mama wa daladala naona wako dunia nzima. McKay alihangaika na swali hilo miaka thelathini, na njiani akabaini kitu cha ajabu: meno yale mabaya ya kutazama yalikuwa hayatoboki ovyo. Ni mwaka 1931 tu ambapo H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya alumini, alipima maji ya mji mwingine wenye ugonjwa huo huo akakuta floraidi imejaa tele. Kutoka hapo wataalamu wakapata wazo la kuitumia kwa kiasi kidogo kulinda meno. Chukua boksi la dawa yako ya meno, soma ubavuni. Imo. Yaani wewe unanunua kwa tyubu kitu ambacho mimi nilimiminiwa bure kwa ndoo.

Kwetu chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na maji yakipita kwenye mawe yake yanazoa floraidi yanashuka nayo hadi kwenye mifereji yetu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya nchi yetu, kwa miaka mingi, viliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu wangekataza, watu wangekunywa nini? Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa usafi. Maji ya kunywa alichemsha, akayaacha yatokote haswa, tena akatusimanga kwa kuni zilizotumika. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi hakuigusi. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani, sasa imekolea zaidi. Mama alikuwa akitupikia meno.

Kuna dawa ya kweli, na iko hapo hapo nyumbani: kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako wanachoma mifupa ya ng'ombe ikawa mkaa, na maji yakichujwa humo floraidi inanaswa. Kwangu imechelewa. Na nasema haya kwa kulalamika, lakini rangi ya meno ni sehemu ya kucheka. Kuna watoto waliokunywa maji makali zaidi ya yetu miguu ikapinda, na hapo hakuna utani.

Turudi kwenye ile faraja yangu. Wiki iliyopita gego likaanza kuniuma, la chini, kulia. Mchana lilikuwa linanong'ona tu, saa nane usiku likapiga tarumbeta. Kufika asubuhi taya limevimba kama nimeficha andazi shavuni. Jirani akasema ni mdudu wa jino, afukizwe. Mke wangu akaleta karafuu, niweke penye tundu niume taratibu. Nikamjibu kwa ukali kwamba meno ya Meru hayana tundu. Akaangalia andazi langu, akarudisha karafuu kwenye kopo lake bila neno.

Kliniki nikapokewa na dokta binti, rika la mwanangu wa pili. Shikamoo, marahaba. Akawasha taa, akachungulia, akauliza kwa upole: "Baba umekulia Arusha?"

Nusura nilie. Hakuuliza napiga mswaki mara ngapi, hakutaja sigara ambayo sijawahi kuvuta. Nikamwambia Meru. Akafurahi kupita kiasi, akafungua mlango, akaita ukumbini: "Njooni muone, hii mmeisoma kitabuni tu!" Wakaingia vijana wawili wa mafunzo na daftari. Nimetanua mdomo, nimekuwa mbuga ya wanyama.

Kumbe kuna kipimo chake, kimewekwa na Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978, kinaanza sifuri hadi tisa. Kijana mmoja akasema nne. Mwenzake akasogeza taa, akakwaruza kidogo kwa kindoano, akasema kuna vishimo, ni tano. Wakabishana juu ya pua yangu, mwisho wakakubaliana tano. Tano kati ya tisa! Katika hesabu sikuwahi kuvuka nusu, leo nimevuka nikiwa nimelala chali.

Dokta akaanza kuwafundisha, nami nikasikiliza bila ada. Ugonjwa huu unampata mtoto jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, kabla hujaliona. Ukishakuwa mtu mzima, kunywa bahari nzima ya maji ya Meru, meno hayageuki. Kilichonishangaza ni kwamba jino halitoki na rangi hiyo. Linatoka limepauka, jeupe kama chaki, lakini ganda lake lina vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo ndivyo vinavyofyonza rangi ya chakula na chai mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mimi na mkaa wangu tulikuwa tunasugua ukuta, na rangi imo ndani ya tofali.

"Sasa dokta, mbona limetoboka? Si magumu haya?"

"Floraidi ikiwa ya kiasi inasaidia, baba. Ikizidi, ganda la jino linakuwa dhaifu, linamomonyoka na kuacha mashimo, uchafu unakaa humo. Chai unakunywa mara ngapi kwa siku?"

Nikatazama dari. Ofisini nina chupa yangu. Huwa nakunywa funda moja moja, kuanzia saa mbili hadi jioni, na sukari ni vijiko vitatu kwa kikombe. Nikasema viwili. Akasema hata kimoja, kama nakunywa kutwa nzima ni kama nimewafungulia bakteria mgahawa usiofungwa: kila funda wanapata sukari, wanatoa asidi, na kabla mate hayajaisafisha, funda jingine hili hapa. Akataja utafiti wa Sweden wa miaka ya 1940, hospitali ya Vipeholm, ambako wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa pipi za kunata makusudi, meno yao yakaoza, ili dunia ijue kwamba kula sukari mara kwa mara kati ya milo ndiko kunakotoboa, kuliko wingi wake. Nikaona mwalimu wa zamu hakuwa mtu mbaya kiasi hicho.

Sindano ya ganzi ikaingia. Akachimba, akasafisha, akasema leo anaweka dawa ya muda tu, nirudi baada ya wiki mbili azibe kabisa. Akakoroga kitu kwenye kipande cha kioo, unga mweupe na matone ya mafuta, na chumba kizima kikanuka sikukuu. Nikavuta pumzi. Pilau!

"Mafuta ya karafuu, baba. Tunachanganya na zinki. Yanatuliza maumivu."

Habari hii naomba isifike nyumbani kwangu.

Nikatoka, nusu ya mdomo si mali yangu, nikasimama dirishani kulipa. Binti wa mapokezi akapokea hela, akaniangalia, nikajaribu kutabasamu kwa upande uliobaki hai. Kosa. Akainama chini ya meza, akaibuka na mswaki mpya ndani ya karatasi yake, kila mgonjwa anapewa. "Asubuhi na usiku kabla ya kulala, baba. Hiyo rangi itaondoka yenyewe."

Nikataka kumweleza yote, McKay, volkano, sufuria ya mama, tano kati ya tisa. Nikaona nifupishe. Nikakusanya ulimi, nikanyoosha kidole kwenye meno yangu, nikasema kwa nguvu zangu zote: "Ni maji!"

Ikatoka "Mmaffi."

"Oh, pole baba," akasema, akainuka akaniletea maji kwenye glasi.